Nilivyolikata Jina la Saimi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nje ya duka la vitanda, sina kazi, nimekumbatia mto niliopewa kama zawadi ya kuagwa. Kosa langu mnalijua: nilimwambia bibi mmoja kwamba godoro lake la zamani bado zima, arudi nyumbani akalilalie. Kazi yangu ya kwanza tangu nipate shahada ilidumu siku tatu.

Shahada yenyewe ni ya falsafa ya maadili. Msicheke kwanza. Sababu za kucheka zinakuja.

Jumamosi iliyofuata, Ruostelahti walikuwa wanapiga muziki hapa mjini Tampere kwa mara ya mwisho. Hapatakuwa na nyingine, Tampere wala kwingineko. Ni bendi ya roki ya wazee wanne wenye mvi zinazofika kiunoni, na tangu nina miaka kumi na mitano wamekuwa wakiniimbia mambo ambayo mimi nimeshindwa kuyasema.

Jambo kubwa kuliko yote niliyoshindwa kuyasema lilihusu Saimi Hakkarainen.

Tulisoma pamoja wote watatu, Saimi, Tuukka na mimi. Tulipokuwa na miaka kumi na mitano tuliapa kwamba siku moja tutasimama bega kwa bega kwenye chuma cha mbele, kile kizuizi kilicho chini ya jukwaa, tuwatazame Ruostelahti mpaka tuone jasho lao. Miaka ilipita. Tuukka akawa fundi umeme. Saimi akaenda kuhudumia wazee. Mimi nikawa kama mnavyonijua.

Miaka sita nilimpenda Saimi bila kumwambia. Kila nilipotaka kumwambia nilijiuliza kama ni haki kwake. Mara alikuwa na mitihani. Mara bibi yake anaumwa. Mara alikuwa na furaha, nikaona si haki kumharibia.

Sasa Jumatatu alikuwa anahamia Tromsø, huko Norway, kufanya kazi hospitali kwa miaka mitatu.

"Mwambie Jumamosi," Tuukka aliniambia. "Ukishindwa namwambia mimi. Na mimi nitamwambia vibaya."

"Nina mpango."

"Ndicho ninachokiogopa."

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ruostelahti hufunga kila onyesho kwa wimbo uleule, ule wa polepole, na unapoanza, kila shabiki huweka mkono begani mwa mtu aliye karibu naye. Sisi wa huku ni watu ambao kwenye kituo cha basi huacha kati yetu nafasi ya kupita ng'ombe. Wimbo ule ndio dakika saba pekee maishani ambapo unaweza kumgusa mtu bila kuomba radhi. Ningeweka mkono begani mwa Saimi, halafu ningemwambia.

Kilichohitajika ni kuwa karibu naye. Basi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mbele ya ukumbi, theluji ya maji ikininyeshea kichwani. Mbele yangu walikuwepo watu watatu tu: ndugu wawili wenye ndevu kutoka Oulu, na mama mmoja wa miaka sitini na kitu, ameketi kwenye kiti cha kukunja, daftari mapajani.

Huyo ndiye Raili. Mashabiki wa Ruostelahti wanamwogopa kuliko polisi. Ndiye mwenye foleni. Ukifika anakuandika kwenye daftari, kisha anachukua kalamu ya wino mzito na kukuandika namba kwenye mgongo wa mkono. Kila baada ya saa mbili anaita majina. Asiyeitika anakatwa na kwenda mkiani. Ukumbi hauna habari na mpango huo, hata walinzi hawauhitaji. Lakini milango inapofunguliwa watu huingia kwa namba, mmoja mmoja, na hakuna anayemsukuma mwenzake.

"Jina?"

"Eelis Vainikka. Na naomba namba za watu watatu."

"Mkono mmoja, namba moja. Hiyo mingine iko wapi?"

Mtu mwenye akili timamu angesema wenzake wako chooni.

"Wamelala," nikasema.

Raili akaniangalia juu ya miwani. "Miaka thelathini nashika daftari hili. Wote huwa wako chooni. Wewe ndiye wa kwanza kunijia na waliolala." Akaniandika nne mkononi, kubwa, kama mwalimu anayempa alama mwanafunzi anayempenda.

Saimi na Tuukka walifika saa mbili. Wakapata kumi na tisa na ishirini. Chuma cha mbele kinatosha watu sitini, kwa hiyo hapakuwa na tatizo. Ningeingia wa nne, nishike nafasi, wao wanikute. Saimi alikuwa amevaa kofia ya sufu ya bibi yake, pua imekuwa nyekundu.

"Umefika saa ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na mbili."

"Umekula?"

"Bado."

"Huyu anaishi kwa mawazo," Tuukka akasema. "Juzi kapewa mto, nadhani ndio anaotafuna."

Saa nne Raili aliita majina. Tukaitika wote. Saa tano na nusu akaanza kufunga skafu.

"Naenda nyumbani mara moja kumtia mume wangu matone ya macho. Vituo viwili vya tramu. Huenda nikachelewa mwito wa saa sita." Akatazama foleni yote, watu themanini na sita, kisha macho yake yakatua kwangu. "Wewe. Usiyejua kudanganya. Shika."

Akanipa daftari na kalamu ya kawaida.

Nitakuwa mkweli: sijawahi kujisikia hivyo hata siku ya mahafali. Daftari lenyewe lilikuwa nene, jalada lake limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, ndani yake majina ya miaka thelathini.

"Na ulitunze," Raili akasema. "Leo likimaliza kazi nawapa bendi wenyewe. Kekäle ameniahidi atasoma majina jukwaani."

Kekäle ni mwimbaji wao. Nikalifunika daftari kwa koti langu.

Saimi alikuja kuniona nikiwa nimekalia kile kiti cha kukunja.

"Mheshimiwa," akasema. "Midomo imekuwa bluu. Nakwenda sokoni kukununulia soseji nyeusi, ile ya damu. Na jamu na maziwa, kama kawaida?"

"Urudi kabla ya saa sita."

"Nitajitahidi. Jumamosi pale foleni huwa ndefu." Akavuta pindo la kofia yangu likafunika sikio. "Tuukka, twende tukamlishe kabla hajafia kazini."

Walipoondoka nilibaki na robo saa, kalamu na sikio lenye joto. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, ule mweupe, ili nipange nitakachomwambia Saimi wakati wa wimbo. Ulimi wangu ukiachwa peke yake huwa unaomba radhi. Nikaandika:

*Saimi, sitaki uende Tromsø. Si haki kukuambia hivyo, ndiyo maana sijakuambia. Lakini miaka sita sijapata kukutazama bila kutamani ubaki.*

Yaliendelea, mistari kumi na miwili. Nilitaka kuuchana ule ukurasa niutie mfukoni. Lakini mimi si mtu wa kuchana ukurasa wa daftari la mtu bila ruhusa. Nikasema nitamwomba Raili akirudi.

Ikafika saa sita.

Nikasimama juu ya kiti. Nikaita namba moja kwa niaba ya Raili, nikaitika mwenyewe. Ndugu wa Oulu wakainua mikono. Namba saba, kimya. Nikaikata. Namba kumi na moja, kimya. Nikaikata.

Namba kumi na tisa.

"Saimi Hakkarainen."

Hakuna jibu. Nilitazama upande wa sokoni. Alipita mtu mmoja na mbwa.

"Saimi Hakkarainen," nikaita tena. Na tena.

Ndipo dhamiri ikanikamata. Wale wengine nilikuwa nimewaita mara moja tu. Nikarudi nyuma, nikamwita namba saba mara tatu, nikamwita kumi na moja mara tatu.

Simu ilikuwa mfukoni. Ningeweza kumpigia. Lakini nikimpigia yeye, itanibidi niwapigie wote wasiokuwepo, na namba zao sikuwa nazo. Je, hao kosa lao ni kwamba mimi siwapendi?

Watu walikuwa wananitazama kwa makini sana. Nilidhani ni heshima.

Nikalikata jina la Saimi. Mstari mmoja ulionyooka. Nikalikata la Tuukka. Mpaka namaliza nilikuwa nimekata watu kumi na watatu.

Walirudi saa sita na dakika saba, wanakimbia. Saimi alikuwa amebeba soseji kifuani, ndani ya karatasi, kama mtu anayebeba kifaranga.

"Ingali ya moto," akasema, akihema. "Nimemwomba yule mama aniongezee jamu. Mmeshaita?"

"Tumeita."

"Haya, tupo."

"Saimi, nimekukata."

Alidhani natania. Akatabasamu, akasubiri sehemu inayochekesha. Tuukka, ambaye ananijua zaidi, aliweka maziwa chini.

"Umemkata," Tuukka akasema.

"Na wewe pia."

"Mimi sijauliza habari zangu. Umemkata Saimi?"

"Niliita mara tatu. Kila mtu niliita mara tatu."

"Eelis, dada wa watu alikuwa anakununulia chakula."

"Sheria haisemi alikuwa anafanya nini. Sasa hivi mko themanini na tisa na tisini, ila kama—"

"Ila kama nini?" Saimi akauliza. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Ila kama kuna waliofika kabla yenu."

Akanipa soseji. Akafuta jamu kwenye kidole chake kwa theluji.

"Unajua, Eelis," akasema, "sijawahi kukutana na mtu anayetenda haki kama wewe. Lakini mimi sikuwahi kukuomba haki."

Akaenda mkiani. Tuukka akabaki kidogo.

"Ule," akaniambia. "Na karatasi yake ule."

Nilikula. Ilikuwa tamu, na hilo lilifanya mambo kuwa mabaya zaidi.

Halafu nikafanya kile ambacho mpaka leo nakiona ndicho kitendo changu bora kuliko vyote siku ile. Nilichukua ile dawa ya kusafishia mikono niliyokuwa nayo mfukoni, nikaisugua namba nne mpaka ngozi ikawaka. Ikafutika. Nikampa daftari ndugu mkubwa wa Oulu, nikatembea mpaka mwisho wa foleni, nikasimama nyuma ya Saimi.

"Unafanya nini hapa?" akaniuliza.

Nikamwonyesha mkono. Akautazama muda mrefu, kisha akavua glavu yake moja akanivalisha juu ya ile ngozi nyekundu. Nikafikiri: basi. Mbele au nyuma, tuko karibu. Mpango bado mzima.

Dakika kumi baadaye nikasikia sauti ya Raili kutoka mbele ya foleni, na haikuwa sauti ya mtu anayefurahi.

"Nani kakata watu hawa?"

Foleni yote ikageuka ikanitazama. Nikaenda.

"Mimi. Hawakuwepo."

"Walikuwa wapi?"

"Wengine sijui. Wawili walikwenda kununua soseji."

"Wote walikwenda kununua soseji," Raili akasema. "Ni Jumamosi, ni saa sita, hii ni Tampere. Watu wakatae kwenda kununua soseji? Miaka thelathini sijamkata mtu wa soseji. Mtu wa soseji yupo."

"Hukuniambia."

"Na kupumua sikukuambia."

Nikawageukia watu wa mbele. "Kwani mlijua?"

Wakatazama viatu. Ndugu mkubwa wa Oulu akakohoa. Kwa kipimo chake ilikuwa hotuba ndefu.

"Tulijua," akasema.

"Mbona hamkusema?"

"Daftari lilikuwa kwako."

Ndivyo tulivyo. Watu zaidi ya sabini walinitazama nikiwakata wenzao waliokwenda kula, na wote wakaona kwamba kumkosoa mtu mwenye daftari ni kukosa adabu.

Raili akapita kwenye foleni na kalamu yake, akiwarudishia watu kumi na watatu namba zao. Kumi na tisa kwa Saimi. Ishirini kwa Tuukka. Kisha akafika kwangu, akanivua ile glavu, akaukuta mkono mtupu.

"Yako iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Nani kakufuta?"

"Mimi mwenyewe."

Raili akafikiri. "Aliyekatwa kimakosa hurudi. Aliyejifuta, hilo sijapata kuliona. Sina sheria yake." Akafungua kalamu. "Lete mkono. Nakuandika nne tena, yaishe."

Kila mtu alikuwa anasikiliza. Wale kumi na watatu walikuwa wananitazama, midomo bado ina jamu, watu niliowakata bila huruma nikiwa juu ya kiti. Saimi alikuwa ameshika mikono yake pamoja, na ananitazama kama mtu anayetazama glasi iliyo ukingoni mwa meza.

Ningetoa mkono tu. Mkono wenyewe ulikuwa tayari hewani.

"Haitakuwa haki," nikasema.

Tuukka akajifunika uso kwa kofia.

"Kama unavyotaka," Raili akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo lililonitisha. Akaniandika mia moja thelathini na moja.

Saa kumi na moja milango ikafunguliwa. Saimi alipoitwa aligeuka nyuma mara moja, akainua mkono wenye kumi na tisa, akaingia. Mimi nilipofika kwenye chumba cha kuachia makoti, chuma cha mbele kilikuwa kimejaa zamani. Nikavua koti, nikapekua mifuko kama inavyotakiwa, nikakuta ile kalamu ya kawaida ya Raili.

Kalamu. Daftari. Ukurasa wa mwisho.

Nilimwona Raili mlangoni mwa ukumbi, akisubiri wa mwisho waingie, amejifunga skafu ya bendi, mikono mitupu.

"Daftari liko wapi?" nikamuuliza.

"Nimeshawapa. Mlinzi kalipeleka nyuma ya jukwaa. Ulisahau kitu?"

"Kuna ukurasa."

"Kurasa ziko nyingi, mwanangu. Twende, tutakosa mwanzo."

Nilijituliza. Hakuna mtu anayesoma ukurasa wa mwisho wa daftari. Majina ya leo yako katikati. Kekäle atasoma matano au sita, atashukuru, wataliweka kabatini, na siri yangu itaishi huko na vumbi mpaka mwisho wa dunia.

Siwezi kuwasimulia onyesho lenyewe. Walipiga kama watu wanaohama nyumba na hawataki kuacha kitu. Kutoka nilipokuwa niliweza kuona kofia ya sufu pale mbele, na pembeni yake nafasi ndogo ambayo Tuukka alikuwa akiizuia kwa kiwiko, nyimbo kumi na saba mfululizo, kwa ajili ya mtu ambaye asingeweza kuifikia. Nilikuwa na uwezo wa kupenya. Lakini wote waliokuwa kati yetu walikuwa na namba ndogo kuliko yangu.

Kabla ya wimbo wa mwisho taa zikawaka. Kekäle akaja mbele na daftari, jalada lake limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Watu elfu mbili wakanyamaza.

"Kuna mama mmoja amewaandika ninyi wote kwa miaka thelathini," akasema. "Raili, asante. Nimeahidi kusoma."

Akavaa miwani. Akaligeuza daftari.

"Mimi husoma kama ninavyosoma gazeti," akasema. "Naanza nyuma."

Watu wakacheka. Mimi nikashika mkono wa mtu nisiyemjua. Kwa adabu, naye hakuutoa.

Kekäle alisoma kimya, midomo ikicheza. Kicheko kikaisha. Mpiga gitaa akasogea akachungulia, kisha akarudi nyuma taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambacho si chake.

"Hapa hakuna namba," Kekäle akasema. "Hapa kuna barua."

Akatazama chini, kwenye nyuso za chuma cha mbele.

"Saimi yupo?"

Vichwa vikageuka huku na huku. Kisha kule mbele kabisa mkono mmoja ukainuka, hauna glavu, ukiwa na kumi na tisa kwa wino mzito.

"Saimi," Kekäle akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwenye santuri yoyote, "nisome kwa sauti, au nikupe ukajisomee?"

Saimi akageuka nyuma. Akatafuta kwenye umati, safu baada ya safu, mpaka akafika kwa watu wa mia moja na kitu, akaniona. Akanitazama kwa muda ambao ungetosha kuita jina mara tatu.

Halafu akarudisha uso mbele, akajibu.

Nilikuwa mbali mno kusikia alichosema. Kekäle alisikia. Akaitikia kwa kichwa, akanyoosha ukurasa kwa kiganja, akainamia kipaza sauti.